Konokono Mwenye Gari Tumboni

Juzi nilisimama kituo cha mafuta pale Msamvu kununua maji, nikakuta watu wamejazana wamezunguka gari la wageni. Ni yale magari makubwa yenye kitanda, jiko, choo, kila kitu humo humo. Vijana wanapiga picha kwa simu. Mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti, "Hii kitu Moro haijawahi kuingia!" Jamani, nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kijana akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, nikamwambia, "Mwanangu, wewe umezaliwa juzi. Mimi nimelala kwenye gari kama hilo nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Tena letu lilibeba gari la mashindano tumboni mwake, na lilijengwa hapa hapa, Mji Mpya, uani kwetu." Akasema, "Sawa, mama." Ile sawa ya kuniondoa njiani. Nimerudi nyumbani bado inanikera, ndiyo maana nimekaa nikusimulie wewe unayejua kusikiliza.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kama tunalingana umri huhitaji kuelezwa. Baada ya miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, ghafla madukani kukawa na sabuni za kila rangi, zenye harufu mpaka unatamani kuzila. Mitumba ikamwagika sokoni, kila nyumba ya pili ikapata redio ya kaseti. Lakini ruksa hiyo hiyo ilipoleta vitu iliondoa kazi. Kiwanda alichokuwa baba kilipumua, kikakohoa, kikafungwa. Baba alikuwa fundi wa mashine. Alirudi nyumbani mchana kweupe na sanduku lake la spana begani, akaliweka chini, akamwambia mama, "Basi, tumemaliza." Wiki iliyofuata aliezeka mabati uani na kuning'iniza tairi kuukuu getini, tukawa na gereji.

Baba alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mkimya, mbishi kupita kiasi. Mama alikuwa Mluguru wa huko juu Mgeta, mfupi, mwenye maneno, naye ubishi hakunyimwa. Kilichowaunganisha, nadhani, ni magari. Usicheke. Baba alikuwa amelifufua gari dogo jeupe lililokuwa limetupwa nyuma ya bohari moja, akalitia injini aliyoiunga mwenyewe, akalichomelea vyuma ndani ili likipinduka lisimponde mtu. Likawa gari la mashindano. Kwenye rali dereva peke yake ni kipofu, anahitaji mtu wa pembeni wa kumsomea njia, kumwambia kona ipi inakuja na ina ukali gani. Mtu huyo alikuwa mama. Mama aliyekulia kwenye njia za milimani zenye mashimo na maporomoko alikuwa anaisoma barabara kama sisi tunavyosoma sura ya mwalimu asubuhi. "Kushoto kali, mawe kulia, usiguse breki!" Tulizoea kumsikia akifanya mazoezi jikoni huku anachambua mchele.

Sasa shida ilikuwa moja. Hawakuwa na kitu cha kulibeba gari lile. Mashindano yakiwa Dodoma au Iringa wanaliendesha hilo hilo mpaka huko, wanashindana nalo, kisha wanarudi nalo, kama bado linatembea. Mimi na mdogo wangu tunaachwa kwa jirani, seremala, ambaye mkewe alitupenda sana lakini alikuwa na watoto wake wa kutosha. Safari moja, wakitoka Dodoma, gari likafa Gairo. Wakakaa pale siku kadhaa wakisubiri spea, wakila karanga na kulala ndani ya gari wamejikunja. Huku nyuma mdogo wangu akashikwa na malaria. Mke wa jirani alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nyuma yake nalia njia nzima kwa sauti kubwa, sikuona aibu hata kidogo. Wazazi walipofika mtoto ameshapata nafuu, anakunywa uji. Mama alimshika miguu yule mke wa jirani.

Habari za Morogoro zilikuwa zinapanda milimani na malori ya mboga. Lori likishusha kabichi sokoni, linarudi na chumvi, mafuta ya taa na maneno ya watu. Hazikupita siku nyingi mjomba akashuka.

Hapa lazima nikueleze kitu, usije ukamwona mjomba mtu mbaya. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, analisha, anasomesha, lakini mjomba mkubwa ndiye mwenye neno juu ya watoto. Mjomba wetu alikuwa kaka mkubwa wa mama, mkulima wa njegere na viazi, mtu wa kanisani, koti lake moja la kijivu hakulivua hata jua liwake vipi. Tulimwamkia shikamoo, akatuwekea mikono kichwani, akakaa. Akanywa chai yake taratibu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, magari yako siyazuii. Dada yangu ni mtu mzima, naye simzuii. Lakini hawa watoto ni wa kwetu. Hawawezi kulelewa na jirani wakati kwao kupo. Shule zikifungwa nakuja kuwachukua, wakasomee huko juu."

Bibi wa Mgeta nilimpenda, milima niliipenda, lakini kwenda kwa likizo ni kitu kimoja na kuhamishwa ni kingine. Nilimtazama baba nikitegemea aseme kitu. Baba akasema tu, "Nimekusikia, shemeji."

Utaniuliza, si wangeacha tu hayo mashindano? Hata mimi nilimuuliza mama. Akaniambia wateja wa gereji walikuwa wanaletwa na lile gari jeupe, kila aliyeliona likipaa vumbini alitaka fundi yule yule amtengenezee lake. Halafu akaongeza, "Na mimi, mwanangu, nimebeba matenga ya mboga kichwani tangu nikiwa kama wewe. Kile kiti ndiyo mahali pa kwanza nilipokaa nikasema neno na mtu akageuka kulifuata."

Ni yeye mama aliyetoa wazo. Tulikuwa tunakula, ugali na dagaa wa nazi, akasema, "Kama nyumba haiwezi kutuachia tuondoke, basi tujenge nyumba itakayotufuata." Baba aliacha tonge hewani. Uani kulikuwa na lori la ushirika uliokufa, ambalo baba alilichukua kama ujira wa kazi nyingine, limebaki chesi, injini na kichwa tu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Baba akageuza shingo akalitazama lile lori muda mrefu. Asubuhi yake kuku wakatafutiwa makazi mengine.

Siku zile nyumba yetu ilinuka chuma kilichochomelewa na rangi ya mafuta. Ukitoka shule unasikia nyundo tangu kona ya msikiti. Baba alijenga fremu ya vyuma, akaivika mabati, madirisha akayang'oa kwenye basi lililokufa. Nyuma akatengeneza mlango mzito unaoshuka kwa kamba inayokunjwa na wenchi na kuwa daraja, na gari dogo linapanda juu yake kinyumenyume mpaka ndani. Huko ndiko tumboni. Mbele yake ndipo nyumba, yaani chumba kimoja cha kulala, kula, kuvaa na kugombana. Na juu ya gari la mashindano, karibu na paa, baba akaweka dari la kulalia watoto. Nikijilaza huko ninaona boneti jeupe chini yangu kupitia upenyo, na harufu ya mpira na petroli inanipanda puani. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo nasinzia. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa la kushusha nje chini ya turubai, maana baba alisema, "Mkipikia humu tutapaa wote mpaka Kisaki."

Jirani seremala, Mluguru kama mama, alikuwa anakuja kila jioni kumtania. Si unajua Wanyamwezi na Waluguru ni watani? "Mnyamwezi wewe! Babu zako walikuja huku na mizigo kichwani, sasa wewe unataka kuondoka na nyumba nzima!" Baba anacheka kwa pua bila kuacha kazi. Lakini vyombo vya ndani alimpa huyo huyo jirani avitengeneze, na hapo ndipo lilipotokea kosa. Mtu wa Tabora haamini kitanda ambacho si cha mninga, mbao nzito kama chuma. Mwambie chochote, atakutazama tu. Basi vikatengenezwa: kitanda cha mninga chenye miguu ya kuchongwa, kabati la mninga, benchi, meza, hata lile dari letu likawa la mbao za mninga, nene, zimepigwa msasa mpaka zikang'aa, unajiona. Ilikuwa nzuri, wallahi. Watu walikuwa wanatoka Kichangani kuja kuchungulia. Mama alishona mapazia ya maua mekundu na mimi nikawa na heshima shuleni ambayo hata watoto wa mwenye duka la kanda za muziki hawakuwa nayo.

Shule zikafungwa, mjomba akaja kama alivyosema. Alilizunguka lile gari mara kadhaa, mikono nyuma. Akagonga bati. Akachungulia dirishani. Sisi tumejipanga ukutani tunasubiri. Akauliza, "Nyumba hii imejengwa na nani?"

Baba akatoa kifua mbele. "Mimi mwenyewe, shemeji. Kwa mikono yangu. Seremala nimemlipa, mengine yote ni mimi. Sijamsumbua mtu."

Nilimwona mama anafumba macho. Hilo jibu ndilo halikutakiwa. Kwao mama, nyumba ya binti hujengwa na ndugu zake. Mwanamume aliyetoka mbali anawaalika mashemeji, wanakuja na mapanga na kamba, mama mkwe anapika, watu wanafanya kazi, wanakula, wanaimba, na nyumba inakuwa ya ukoo. Asiyewaita amesema hawahitaji. Baba alidhani anajisifu kwa bidii, kumbe amewatukana bila kujua. Mjomba hakupandisha sauti. Alisema, "Haya. Watoto wa kwetu hawalali kwenye nyumba ambayo mama yangu hajaiingia. Na mama miguu haimruhusu kushuka. Ipandishe hiyo nyumba yako mpaka kwake, na gari lako likiwa ndani, maana ndivyo mtakavyosafiri. Ikifika, watoto ni wenu kuwachukua mnakotaka. Isipofika, wanabaki."

Tukaondoka siku hiyo hiyo, mjomba akiwa nasi. Mpaka Mlali ilikuwa sherehe. Watoto wanatukimbilia, mama anawapungia mkono kama mke wa mkubwa fulani. Baada ya Mlali barabara inaanza kupanda, na wewe ukishapita njia ile unajua haipandi kwa upole. Injini ikaanza kulia. Baba akashusha gia, akashusha tena, zikaisha za kushusha. Kabati likasogea likagonga ukuta. Kwenye kona moja yenye udongo mwekundu lori likasimama, likatetemeka, likaanza kurudi nyuma. Mama alitutupa nje kupitia mlangoni, akaruka na yeye, akashika jiwe kubwa akalisukumia chini ya tairi. Likasimama. Baba akajaribu tena, na tena, mpaka rejeta ikatoa moshi. Lori la mboga likatokea nyuma, likapita pembeni likichechemea na mzigo wake wa matenga matupu, na utingo akapiga kelele kutoka juu, "Konokono! Leo utalala hapo hapo na nyumba yako!" Waliopanda naye wote wakacheka. Jina likakaa.

Mjomba hakucheka, namshukuru kwa hilo mpaka kesho. Alichukua kifurushi chetu cha nguo, akakiweka kichwani, akasema, "Twendeni." Mdogo wangu alimng'ang'ania mama kanga mpaka ikafunguka. Mama aliifunga upya, akapiga magoti kwenye udongo, akatushika nyuso. "Nitakuja kuwachukua," akasema. Baba alikuwa amesimama mbele ya injini, ametugeuzia mgongo.

Nikae kwa bibi nilalamike? Hapana, nikilalamika nitakuwa naongopa. Kulikuwa na ukungu unaoingia mpaka ndani asubuhi, na moto wa bibi unaotoa moshi mtamu wa miti ya mlimani. Tulikula maharage mabichi, viazi vya kuchoma kwenye majivu, magimbi, uji wa maziwa ya mbuzi. Tulimenya njegere mpaka vidole vikawa kijani. Nilijifunza kuteka maji kwenye kijito baridi kiasi cha kuuma meno na kupanda ngazi za shamba na ndoo kichwani bila kumwaga. Shuleni watoto walinicheka kwa lafudhi yangu ya mjini, nami nikawacheka kwa yao, tukaelewana. Lakini ikifika jioni, malori ya mboga yakianza kuunguruma kule bondeni, mimi na mdogo wangu tunaacha kula. Tunasikiliza kama kuna mngurumo tunaoujua. Bibi alikuwa anatuona. Anatuongezea mboga tu.

Siku moja akaniuliza, "Baba yako aliwaalika akina nani kujenga?"

"Hakumwalika mtu, bibi."

"Ee," akasema bibi. "Nilijua tu." Kesho yake akamtuma dereva wa lori la mboga: mwambie mkwe wangu namtaka.

Baba alikuja na sukari na vitenge, amenyoa ndevu, ameinamisha kichwa. Alimwamkia bibi kwa adabu zote akakaa kwenye kigoda ambacho kilikuwa kifupi mno kwa miguu yake. Bibi akamwambia, "Mkwe, umemjengea binti yangu nyumba kimya kimya kama mtu anayeiba?"

Baba akasema, "Mama, nilitaka muone kuwa naweza."

"Kuweza tulijua unaweza. Hatukujua kama unatutaka."

Nilikuwa nachambua mboga pembeni. Sijawahi kumwona baba akilia machozi waziwazi kabla ya hapo. Alijifuta kwa kiganja, akasema, "Nawataka, mama. Nisaidieni." Bibi akamwita mjomba aingie, na baba, yule mbishi wa Tabora, akamgeukia shemeji yake akasema mbele yetu sote, "Shemeji, nakualika. Njoo unijengee." Kaka mkubwa hawezi kukataa mwaliko wa kujenga nyumba ya dada yake, atasemwa mpaka kwenye misiba. Mjomba akavuta koti lake akasema, "Tutakuja Jumamosi."

Jumamosi ile, ewe, ningependa ungekuwepo! Konokono aliletwa mpaka kiwanja cha Mlali, akasimama pale milango wazi. Kutoka milimani wakashuka mashemeji, wajomba wadogo, binamu, kila mmoja na mzigo wa mianzi begani. Shangazi wa mjini wakaja na masufuria. Jirani seremala naye akaja, maana mninga wake, uliolilemea lori mlimani, ulikuwa unatolewa, akawa anaupokea kipande kwa kipande kama anazika ndugu. "Kitanda hiki kingelaliwa na wajukuu," anasema, na baba anamjibu, "Kichukue ukalalie wewe, mtani, mimi kimenivunja mgongo." Watu wa Mgeta wanajua jinsi ya kubeba kitu kizito ndani ya kitu chepesi, hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, matenga yao yanafika Dar es Salaam na nyanya hazijapondeka. Wakapasua mianzi, wakailainisha, wakasuka. Vitanda vikasukwa, kabati likasukwa, ukuta wa kututenganisha na gari ukasukwa. Mjomba akachukua dari la watoto. Alilisuka peke yake, koti likiwa limevuliwa kwa mara ya kwanza machoni pangu, na kila akimaliza safu analikandamiza kwa magoti kuona kama litabeba. Sisi tulicheza kwenye marundo ya maganda ya mianzi, tukala pilau mpaka tukashindwa kukaa vizuri. Wanawake waliimba. Baba alikuwa anaelekezwa na kila mtu, hata na vijana wadogo, na anaitika tu, "Ndiyo, shemeji. Sawa, shemeji."

Lakini neno la mjomba lilikuwa palepale. Jioni aliturudisha juu. Gari lipande lenyewe mpaka kwa bibi, ndipo tuzungumze.

Siku ya kupanda, kijiji kizima hakikwenda shamba mapema. Wanajifanya wana shughuli pembeni ya barabara, huyu anafunga kamba ya mbuzi, yule ananoa panga lililonolewa jana. Bibi alikaa nje kwenye kiti, miguu kainyoosha, blanketi mapajani. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, huoni kitu. Kilichokuwepo ni kusikia tu. Tukamsikia Konokono akianza kupanda kutoka Mlali, mbali, sauti nyembamba. Watu wakatega masikio. Kila kona tuliijua kwa sauti: hapa anashusha gia, hapa ameingia kwenye mawe, hapa amevuka mto. Nikawa nasema kwa midomo bila sauti yale maneno ya mama, kushoto kali, mawe kulia, usiguse breki. Akafika kwenye ile kona ya udongo mwekundu. Injini ikalia kwa uchungu, ikapanda, ikapanda. Kisha kimya.

Kimya kabisa. Mdogo wangu akaniingizia mkono wake kwenye wangu. Nilimtazama mjomba, na nakwambia ukweli, mjomba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kifuani, midomo inacheza. Alikuwa anasali. Yeye aliyeweka sharti alikuwa anaomba litimie. Sijui ilichukua muda gani. Mimi niliona nimezeeka pale pale. Kumbe wamesimama kuongeza maji kwenye rejeta, tena wamelisimamisha mbele ya kona, juu yake, wameshaipita. Injini ikawaka. Kijiji kikapiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Alitokea kwenye ukungu na taa zake mbili zimewaka mchana, mama amechomoza nusu ya mwili dirishani anaonyesha njia kwa mkono. Baba alisimama mbele ya kiti cha bibi, akazima, akashuka. Wajomba wadogo wakambeba bibi na kiti chake wakampandisha ndani. Akagusa ukuta wa mianzi. Akakaa kitandani, akajitikisa. Akataka kuona kilichomo tumboni, basi mlango wa nyuma ukashushwa na baba akalitoa gari jeupe, kinyume na mategemeo ya watu waliodhani ameileta nyumba ikiwa tupu, akalizungusha uwanjani, vumbi mpaka kwenye majani ya migomba. Vigelegele vya siku ile bado viko masikioni mwangu. Bibi akasema kutoka dirishani, "Nimeingia. Nyumba nzuri."

Mjomba alipanda mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwenye dari la watoto, akalikandamiza kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye fundo lake. Akageuka akatutazama mimi na mdogo wangu. "Mnasubiri nini?" akasema. "Leteni mizigo yenu."

Nilikimbia hata kandambili zikaniacha.

Miaka iliyofuata tulikwenda kila mahali. Ijumaa tukitoka shule, Konokono anatusubiri getini injini inawaka, na sisi tunapanda tukiwa na sare bado. Iringa tulitetemeka kwa baridi, Dodoma tulikula zabibu mpaka tumbo likauma, Tanga nilioga baharini nikidhani chumvi yake ni utani. Mwalimu wetu alikuwa anasema Jumatatu, "Haya, wasafiri, leo mmetokea wapi?" na darasa zima linageuka. Baba na mama hawakuwahi kuchukua kombe kubwa hata moja. Walimaliza wa tatu, wa tano, mara nyingine walimaliza kwa kusukumwa. Lakini popote tulipoegesha watu waliacha magari ya maana wakaja kuangalia la kwetu. Wakiuliza nani kajenga, nilisubiri baba atoe kifua. Hakutoa tena. Alikuwa anasema, "Mashemeji zangu," na anaendelea kukaza nati. Mjomba naye huko juu, nasikia, alimwambia kila mtu kwamba gari lile alilijenga yeye, kwamba Mnyamwezi alimsaidia kushika taa tu. Baba aliposikia alicheka kwa pua.

Konokono hayupo. Mianzi iliisha, mabati yakaoza, chesi ikaenda kwa wanaoyeyusha vyuma. Kwenye kiwanja cha Mlali ambako watu walisuka na kuimba sasa kuna vibanda vya simu. Bibi alitangulia, mjomba akafuata, kisha baba, na tangu mwaka aliokwenda baba, mama hakutaka tena kusikia injini. Watu wa kualikana kujenga nao hawapo siku hizi. Mimi mwenyewe nimejenga Kihonda kwa mkandarasi, vigae, vyumba vinne, nimelipa nikakabidhiwa funguo, hakuna aliyepika, hakuna aliyeimba. Mdogo wangu alikuja kuiona. Akazunguka chumba kwa chumba, akasifu, akanipongeza, kisha akasimama kwenye korido akasema, "Dada, nyumba imekaa vizuri. Lakini mtoto akikohoa huku, wewe kule utamsikiaje?"

Ndani ya Konokono tulikuwa wanne kwenye chumba kimoja na gari, na mmoja akigeuka kitandani wote tunajua amegeuka. Wazazi wetu waliambiwa watoto wao watakwenda kukaa mbali, wakachukua lori lililokufa na mianzi ya mlimani wakahakikisha hatuendi. Ningekuwa na akili ya haraka pale Msamvu, yule kijana ningemwambia hilo tu: magari ya kulala ndani yapo mengi duniani, lakini sisi la kwetu lilijengwa ili tusiachwe, na hatukuachwa.